Zamu ya Banioni Siku za Msiba

9 Novemba

Daftari hili nimepewa bure, pamoja na fulana. Kwenye jalada wameandika USTAHIMILIVU kwa herufi kubwa za kijani. Bwana Kondowe wa ofisi ya mradi, kule Blantyre, alikuja jana akatukalisha darasani tangu asubuhi hadi saa tisa, na neno hilo alilitamka mara arobaini na moja. Najua kwa sababu nilikuwa napiga vistari. Umeme safi uwe stahimilivu, jamii iwe stahimilivu, hata kamati iwe stahimilivu. Nikanyoosha mkono: "Bwana, lango la kutolea mchanga pale banioni limeoza tangu mwaka juzi. Tunaomba lango." Akasema hilo ni swali zuri sana. Halafu akagawa fulana.

Basi nitaandika humu msimu mzima wa mvua, ili mwakani akija na neno jipya nimsomee.

Kwa atakayeshika kazi hii baada yangu: mimi ni Enifa Nakhumwa, mtunza mtambo wa umeme wa maji hapa Nansato. Kijito kinashuka kutoka Mlima Mulanje. Banioni tunakizuia, maji yanapita kwenye wavu wa chuma, yanafuata mfereji, yanateremka kwenye bomba mpaka nyumba ya mtambo na kuzungusha gurudumu. Umeme unakwenda kwenye nyumba mia tatu, mashine ya kusaga na zahanati. Wavu ukiziba majani, taa zinazimika. Mchanga ukipita, unatafuna gurudumu, na gurudumu likiliwa hatuna jingine. Kwa hiyo mvua ikinyesha lazima pawe na mtu banioni, mwenye reki na koleo. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Kamati haielewi.

Mama amelala vizuri. Miguu bado imevimba.

13 Novemba

Mvua ya kwanza. Wavu umeziba mara mbili, nimeuzibua mara mbili.

14 Novemba

Mara tatu.

17 Novemba

Wyson, mwenzangu wa zamu, hakuja. Alikuwa anapanda mahindi. Nikamwambia na mimi nina shamba. Akasema, "Wewe una cheo, dada. Mimi nina fulana." Mtu mzima na ndevu zake, ana jibu la kila kitu isipokuwa kazi.

22 Novemba

Juzi amefariki Mzee Nahipa wa kule chini. Kama kawaida, msiba ukishatangazwa jembe haliguswi, mashine haisagi, kuni hazipasuliwi, mpaka maiti azikwe. Wanaoruhusiwa kushika jembe ni adzukulu tu, yaani wachimba kaburi wetu, na wao hulishika makaburini. Nilizaliwa nikakuta hivyo na sikuwahi kuona tatizo, kabla sijapewa funguo za mtambo.

Lakini msiba wenyewe siku hizi unataka taa. Wamefunga balbu sita uani kwa marehemu, kwaya imeleta spika mbili, kila jirani amewasha taa ya nje ili wageni wasijikwae. Kwa hiyo siku tunayotumia umeme mwingi ndiyo siku ambayo hakuna anayeruhusiwa kuutunza! Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikasikia mvua inaanza juu ya bati, nikaanza kuhesabu majani kichwani. Kwenye wimbo wa nne taa zikazimika. Spika zikakata katikati ya haleluya.

Wote wakanigeukia mimi. Gizani, lakini niliona.

"Enifa, huo ndio umeme gani?"

Nikasema wavu umeziba. Nikaambiwa wavu gani huo unaoziba siku ya msiba. Sikupanda mlimani, niliheshimu. Asubuhi muuguzi wa zahanati, Sista Chimwala, akanisimamisha njiani, macho mekundu. Amezalisha mwanamke huku simu ameishika kwa meno ili apate mwanga. "Safari ijayo nitakuita uje ushike wewe," akasema. 

29 Novemba

Kikao cha kamati. Mfumu Namweta, mkuu wa kijiji chetu, alikaa mbele na kichupa chake cha ugoro. Ni mama wa miaka sabini, na ulimi wake hauna hata mwaka mmoja.

"Mfumu," nikasema, "naomba watu wawili tu. Msiba ukitokea, wao wabaki banioni."

"Wabaki wakifanya nini?"

"Wakizibua wavu."

"Yaani wakifanya kazi."

"Kazi ya watu wote, Mfumu. Hata taa za msibani zinatoka huko."

"Enifa, wewe ulizaliwa hapa au ulishushwa na gari la mradi?"

Watu wakacheka. Nikasema nilizaliwa hapa.

"Basi unajua. Msibani tunakwenda wote. Wakianza kubaki wawili kwa ajili ya wavu, kesho watabaki wawili kwa ajili ya mashine, keshokutwa wawili kwa ajili ya duka. Mwisho atazikwa mtu na mkewe na mbwa wake."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Wyson aniunge mkono, akawa anakagua vidole vya miguu yake. Kinachoniudhi ni kwamba mama yule hakusema uongo hata kidogo. Nami sikusema uongo. Tukafunga kikao.

7 Desemba

Jana msiba mwingine, mke wa fundi baiskeli. Mawingu yalikuwa yameshakaa mlimani tangu asubuhi, meusi. Nikasema liwalo na liwe, nikachukua reki.

Njiani nikakutana na Bizwick, kiongozi wa adzukulu, jembe begani, anaelekea makaburini na wenzake. Ni jitu la watu, likisimama njiani huna pa kupita.

"Dada Enifa, msiba uko upande huu."

"Najua."

"Na hiyo reki?"

"Mvua inakuja, Bizwick."

Akanitazama.  Hakupandisha sauti hata kidogo. "Haya," akasema. "Siku yako na wewe utachimba mwenyewe."

Nilikaa banioni tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku, mvua yote imeishia mgongoni kwangu. Taa hazikuzimika. Kwaya imeimba na spika zao mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyeniambia ahsante. Aibu iliyonishika nilipopita nyuma ya nyumba ya msiba nimelowa, na reki mkononi, sijawahi kuipata hata nilipofeli mtihani.

9 Desemba

Mfumu amenitoza kuku. Nimempeleka yule jogoo mkali, amdonoe.

Sista Chimwala anasema usiku ule wa msiba mke wa Bizwick alijifungua. Mtoto alikuwa amezongwa na kitovu shingoni. "Bila taa nisingekiona," akasema. Nikamuuliza kama Bizwick anajua. Akasema amemwambia.

Bizwick amenipita leo dukani bila salamu.

10 Desemba

Mama alikuwa barazani anamenya mbaazi. Hakuinua macho.

"Nasikia umetozwa kuku."

"Ndiyo, mama."

"Kuku si kitu. Bizwick alisemaje?"

 Alikuwa anajua, alitaka tu niseme mimi. Nikasema.

"Mimi nimewazika watu wa kijiji hiki miaka sitini," akasema. "Nimekaa kwenye mikeka yao, nimewapikia, nimelia mpaka koo likakauka, hata kwa watu tusiopatana. Nimemlilia yule mchawi wa kina Sitolo! Unadhani nilikuwa namlilia yeye? Nilikuwa najiwekea. Nami sasa nimekaribia, halafu wewe unakwenda kuvimwaga vyote kwa ajili ya majani."

"Si majani mama, ni taa."

"Taa yako itanichimbia?"

Nikamwambia asiseme hivyo, ataishi. Akasema nisimfanye mtoto. Tumemenya mbaazi mpaka zikaisha.

Nimekasirika mpaka sasa. Nimemkasirikia kwa sababu ana haki.

15 Desemba

Wavu mara nne.

18 Desemba

Mara nne. Mchanga umefika goti. Nimechota peke yangu.

21 Desemba

Nikiingia kwenye mashine ya kusaga foleni inanyamaza. Wanawake kumi na tano na ndoo zao za mahindi, wananyamaza, huku mashine inanguruma kwa umeme ninaowaletea mimi. Nikasaga, nikaondoka. Zamani walikuwa wanabeba mahindi kichwani mpaka kwenye mashamba ya chai, kilomita tisa. Wamesahau haraka.

25 Desemba

Krismasi. Mama amekula wali na kuku, kidogo. Wavu mara moja.

4 Januari

Bwana Kondowe alikuja na gari jeupe na mtu wa kamera. Nikampandisha mpaka banioni kwa miguu, viatu vyake vikaisha. Nikamwonyesha lango lilivyooza. Ukilisukuma kwa kidole linalia.

"Habari njema, mama. Lango limeidhinishwa."

"Ahsante Mungu! Linakuja lini?"

"Aprili. Baada ya mvua."

"Bwana, baada ya mvua hata mimi silihitaji."

Akasema utaratibu wa manunuzi ndivyo ulivyo. Nikamwambia mafuriko nayo yana utaratibu wake. Nikamwambia pia kwamba ustahimilivu anaousema, hapa kwetu ni mgongo wangu, na mgongo huu una miaka arobaini na minne. Akaandika kwenye karatasi, nadhani aliandika kwamba jamii ina ari. Kisha wakanipiga picha na reki. Mtu wa kamera akaniomba nitabasamu.

17 Januari

Lazima niandike ya jana yote.

Msiba wa tatu, mzee wa kanisa. Mvua ilianza alfajiri na haikuwa mvua ya majani tena, ilikuwa ya mchanga. Nilipanda na reki na koleo. Wyson alikuwa msibani, kama watu wote wenye akili zao. Kufikia saa nne maji yalikuwa ya rangi ya matofali, na mchanga unaingia mferejini kwa kasi kuliko ninavyouchota. Nachota, unajaa. Nachota, unajaa. Koleo likanitoka likachukuliwa na maji, nikalikimbilia nikaanguka. Nikakaa pale majini nikalia kwa hasira. Nimelia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu.

Kumbe yupo. Bizwick alikuwa amesimama ukingoni na koleo lake la makaburini.

"Ondoka hapo," akasema.

"Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kwa sababu hujui kuchota. Unachota kwa mikono. Mchanga unachotwa kwa kiuno."

Akashuka. Hakunitazama tena. Kwa saa moja akatoa mchanga ambao mimi ningeutoa kwa siku nzima, na mimi nikabaki na wavu. Nilimuuliza kaburi limeachwa na nani. Akasema wapo wengine, tena wengi mno, nusu yao wanakuja kula tu. Mtoto hakumtaja, nami sikumtaja. Alipomaliza akafuta koleo kwa majani.

"Dada, wewe ulimwomba Mfumu vibaya," akasema. "Ulimwomba ruhusa ya kufanya kazi. Mimi siombi ruhusa ya kufanya kazi. Mimi ni mdzukulu, siku ya msiba nachimba."

Ilinichukua hatua kama ishirini njiani kuelewa alichosema. Nikasimama nikacheka peke yangu.

19 Januari

Kwa Mfumu, mimi, Bizwick na Wyson. Wyson alikuja kwa sababu Bizwick alimshika kola.

"Mfumu," akasema Bizwick, "siku ya msiba nani anaruhusiwa kushika jembe?"

"Adzukulu."

"Mimi ni nani?"

"Mdzukulu. Tena mkorofi."

"Nikichimba udongo makaburini nimekosa?"

"Hujakosa."

"Nikichimba mchanga banioni, siku hiyohiyo, kwa jembe hilohilo?"

Mfumu akanusa ugoro. Akapiga chafya mara mbili. Akanitazama mimi, kama vile hayo yote nimeyapanga mimi.

"Kaburi mnachimba wangapi?"

"Kumi na wawili. Kumi wanachimba, wawili wanapiga domo."

"Basi hao wawili," akasema Mfumu. "Na wapelekewe chakula hukohuko, kama wenzao. Sitaki kusikia mdzukulu wangu ameshinda njaa kwa sababu ya wavu."

Wawili wenyewe ni Bizwick na Wyson, kwa kuwa Bizwick hamwamini mtu mwingine, na Wyson, naye mdzukulu, ndiye anayeujua wavu. Wyson akasema kumbe amepandishwa cheo. Miezi miwili nimepigana na ukuta huu, na mlango ulikuwepo siku zote, tena ulikuwa wazi! Nimefurahi, na nimeudhika kwamba si mimi niliyeuona.

4 Februari

Msiba wa nne, upande wa juu. Mimi nimekaa mkekani mwanzo mpaka mwisho. Bizwick na Wyson wako banioni. Mvua imenyesha, taa hazikupepesa. Mwanamke aliyekaa jirani yangu akanisogezea sahani ya nsima, ugali wetu, na mbaazi bila kusema kitu, tukala pamoja. Nilikuwa sijui jinsi nilivyokuwa na njaa ya kitu hicho.

11 Februari

Wavu mara mbili. Wyson kaja mwenyewe bila kuitwa.

20 Februari

Mama hawezi kulala chali tena. Sista Chimwala anasema ni moyo, na kwamba nisimsumbue kwa safari ya hospitali kubwa ila yeye mwenyewe akitaka. Hataki.

"Bizwick anakusalimia siku hizi?" ameniuliza.

"Ananisalimia."

"Kwanza yeye au kwanza wewe?"

"Kwanza yeye."

"Vizuri," akasema, akafumba macho.

2 Machi

Wavu mara tatu. Nimewaomba kamati wachague watu wawili wengine wajifunze, ili wawepo wa akiba. Wamesema hao waliopo wanatosha, kwani wana nini? Nikachoka kubishana, nikaacha.

9 Machi

Redio inasema kimbunga kimeingia Msumbiji na kinakuja huku. Bwana Kondowe amepiga simu kutukumbusha tuwe stahimilivu. Kweli, alisema hivyo.

11 Machi

Mvua mchana kutwa. Wavu nimeacha kuhesabu. Bizwick, Wyson na mimi tumepokezana. Mchanga tumeumudu, kwa shida.

12 Machi

Mama amefariki alfajiri.

15 Machi

Tulimzika juzi, tarehe kumi na tatu. Naandika leo kwa kuwa jana sikuweza.

Usiku wa mkesha nilikaa ndani kando yake, kwenye mkeka, na wanawake. Hakuna aliyekosekana. Wote wa foleni ya mashine walikuwepo, na yule mama wa fundi baiskeli, mkwe wa yule marehemu niliyemkosea Desemba, alilia kuliko mimi. Unga ulioletwa ulijaza pipa. Mfumu alikuja na mkeka wake mwenyewe akakaa miguuni kwa mama mpaka asubuhi. Mama alikuwa amejiwekea, kweli, na vyote vilikuwepo. Nililia kwa huzuni na kwa nafuu, sikuweza kuvitenganisha. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nyimbo hazisikiki, na taa zinawaka, nami nikawa najiambia: Bizwick yupo juu, Wyson yupo juu.

Saa sita mchana tukampeleka. Makaburini udongo ulikuwa uji. Kaburi lilikuwa linajaa maji upesi kuliko wanavyoyatoa, adzukulu wako ndani wamelowa mpaka kichwani, wanapokezana ndoo. Nikainua macho kuwashukuru, nikawahesabu bila kukusudia, kama ninavyohesabu kila kitu. Kumi na wawili.

Nikahesabu tena. Wyson alikuwa ukingoni anapokea ndoo. Bizwick alikuwa chini kabisa, ndani ya kaburi la mama, maji yamemfika mapajani, anachota kwa kiuno.

Nikaelewa palepale. Bizwick alikuwa amesema mbele ya watu kwamba siku yangu nitachimba mwenyewe. Sasa alitaka nimwone. Alitaka kijiji kizima kimwone, yeye wa kwanza, na wachimbaji wote kumi na wawili bila kupungua hata mmoja. Huo ndio msamaha alioniomba. Na banioni hakukuwa na mtu.

Wyson akanisogelea, ndoo mkononi. "Dada, uko sawa?"

Yalikuwa yanatosha maneno mawili. Nenda banioni. Wangekwenda wote wawili kwa mbio, kwa nusu saa wangefika, wangefunga maji yasiingie mferejini na gurudumu lingepona. Lakini ningekuwa nimewatoa watu kwenye kaburi la mama yangu, mbele ya wote, na kaburi linajaa maji. Nilimwona mama anamenya mbaazi.

"Niko sawa," nikasema.

Wakamshusha. Wakati wanafukia, tukasikia mawe yanabingirika kijitoni, ngurumo ndefu isiyo ya radi. Watu wote wakageuza shingo kutazama mlimani. Mfumu akanitazama mimi. Hakuna aliyeondoka, udongo ulikuwa bado, wakafukia mpaka mwisho, wakaupiga kwa migongo ya majembe, wakaweka maua. Hapo ndipo Bizwick akatupa jembe akakimbia.

Lango lilikuwa limekwenda. Mfereji umejaa mchanga mpaka juu, na kabla haujajaa, mchanga ulipita kwenye gurudumu kwa zaidi ya saa moja. Mabawa yameliwa, yamebaki kama meno ya mzee.

Chanjo zote za zahanati zimetupwa. Jana jioni mwanamke mwenye uchungu alibebwa kwa baiskeli kwenye tope mpaka hospitali ya misheni, saa tatu nzima. Amefika, amejifungua salama. Sista Chimwala ameniambia hivyo akanishika mkono kunipa pole ya mama, na kunishika kwake mkono kuliniuma kuliko angenitukana.

18 Machi

Bwana Kondowe kwenye simu, kwa ajili ya ripoti.

"Nani alikuwa zamu?"

"Watu wawili."

"Walikuwa wapi?"

"Walikuwa wanamzika mama yangu."

 Akasema pole sana, yeye ataandika kwamba chanzo ni kimbunga. Nikamwambia kimbunga kilikuja na lango bovu likakipokea, aandike na hilo. Akasema gurudumu jipya litachukua mwaka, labda na miezi. Nikamuuliza kama amepata neno jipya badala ya ustahimilivu. Hakunielewa.

Kamati imeniita. Sasa wanataka watu wanne wa akiba, wanane, kila ukoo utoe mtu. Wote wamejaa hekima. Nilikaa nikawasikiliza, nikashindwa hata kukasirika vizuri.

23 Machi

Kijiji kizima kimepanda kuchota mchanga mferejini. Wanawake wa foleni wamekuja na mabeseni. Mfumu amekaa kwenye jiwe anatukana wavivu kwa majina na ukoo. Mashine ya kusaga imekufa, wamebeba mahindi yao tangu alfajiri mpaka kwenye mashamba ya chai, wamerudi, wakapanda huku. Hakuna aliyenilaumu. Wanasema ni Mungu, ni kimbunga.

Wakati wa chakula Bizwick akaja kukaa karibu yangu. Amekonda. Akala nusu, akaweka sahani chini.

"Dada, kosa ni langu. Nilimwambia Wyson tushuke wote. Nilisema kwa siku moja tu."

"Najua."

"Nilitaka uone tumekuja wote."

"Niliona."

Akawa anatazama mchanga. Halafu akageuka, taratibu, nikajua linakuja.

"Uliona saa ngapi?"

Nikamwambia. Saa sita na nusu, kabla hawajamshusha.

"Wyson alikuja kukuuliza kama uko sawa."

"Alikuja."

"Ungesema tungekwenda."

"Ndiyo maana sikusema," nikamwambia. "Nilitaka mbaki."

 Akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti. Kisha akasimama, akanipa koleo, akachukua lake, tukarudi mferejini kuchota.